Vidonge vya Kambini

3 Februari

Mwanangu,

Hujambo baba? Na huo mgongo, bado unalalamika? Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Chini ya hapo ndiko kwenye maneno.

Ile nyonga ya chuma niliyowekewa mwaka juzi imeingia uchafu. Nilikuficha. Tangu mwezi wa kumi na moja kovu limetoboka kitundu kidogo. Kilianza kutoa maji, kisha usaha. Nikawa nafunga kitambaa na kuvaa gauni pana. Dada yako alinusa kabla hajaona. Akanipeleka hospitali kwa nguvu, tukigombana njia nzima.

Daktari wa mifupa ni mpole. Anasema vimelea vimejenga juu ya chuma, na dawa ya kumeza haivifikii. Ni lazima nipasuliwe, chuma kitolewe chote, niwekewe donge la simenti iliyochanganywa na dawa, nikae wiki nyingi kwenye dripu, ndipo nipasuliwe tena niwekewe nyonga mpya. Lakini kwanza atavuta maji ya kwenye kiungo kwa sindano, maabara wayaoteshe wajue ni mdudu gani, maana kila mdudu na dawa yake. Sindano ni tarehe ishirini na nne.

Nikamuuliza, "Daktari, simenti? Mimi ni mwanamke au kibaraza?" Akacheka mpaka miwani ikamtoka. Ila nilimwambia ukweli: miaka thelathini nimesimama kwenye jiko la shule, nataka kusimama tena. Sitaki kupelekwa chooni kama mtoto.

Usihangaike kuja.

Mama yako


14 Februari

Mama,

Shikamoo. Mgongo upo, hauna pa kwenda.

Barua yako imekuja na lori la maji, nimeisomea juu ya mafungu ya nondo wenzangu wakila. Nimekukasirikia. Miezi mitatu unafunga kitambaa! Ningepiga simu nikugombeze, lakini huku bondeni simu ni tochi tu.

Kuja siwezi. Paspoti zetu ziko kwenye kabati la ofisi mpaka daraja tunalojenga liishe. Nilimwendea mnyapara nikamwambia mama anaumwa. Akajibu, "Hapa mama wa kila mtu anaumwa," na kichwa hakuinua.

Sasa sikiliza. Mwaka jana waya ulinichoma kidole, kikavimba, kikatunga usaha. Nesi wa kambi alinipa vidonge vya rangi mbili, siku ya tano kikakauka. Nimepita kitanda kwa kitanda nikakusanya masalio ya kila mtu. Vimefika sitini. Mwenzangu tunayemwita Mrefu amemaliza mkataba, anaondoka kesho, atakukabidhi mkononi. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Usingoje hiyo sindano. Daktari ana wagonjwa mia, mimi nina mama mmoja.

Mwanao


27 Februari

Mwanangu,

Natumai unakula vizuri na kulala.

Mrefu alifika. Mlango wetu ulimlazimu ainame kama anayeomba msamaha. Vidonge nilianza jioni ile ile, tarehe kumi na nane, na baba, siku ya sita kitundu kilikuwa kimekauka! Nimekivua kitambaa, nimekichoma moto. Dada yako anasema ni dua zake. Nimemwacha aamini hivyo.

Sindano nilichomwa. Daktari aliniuliza kama kuna dawa ninayotumia. Nikamjibu, ya maumivu tu. Sikutaka aone kwamba mwanangu anamfundisha kazi.

Ubarikiwe wewe na hao wote waliotoa.

Mama yako


12 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako kwa sauti, chumba kizima kikapiga makofi. Mpishi wetu sasa ananiita daktari, ananiuliza nina dawa gani ya kipara. Usiache hata kidonge kimoja. Sijalala usingizi kama wa juzi tangu nije huku.

Mwanao, daktari


2 Aprili

Mwanangu,

Vipi hali? Nakuandikia nimelala, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Maabara hawakuotesha kitu. Daktari akanichoma sindano ya pili, nayo hamna kitu. Akasema, "Mama, usaha niliuona kwa macho yangu. Umekwenda wapi?" Upasuaji ukaahirishwa mara mbili, kwa sababu hajui achanganye dawa gani kwenye simenti yake.

Vidonge viliisha tarehe kumi na tisa. Siku nane baadaye nikashikwa na homa, paja likajaa, kitundu kikafumuka kikubwa kuliko kile cha kwanza. Nimelazwa wodini, kitanda cha dirishani. Mguu siwezi kuugeuza mpaka ageuze dada yako.

Kama kuna mwenzako mwingine anarudi, nitumie vingine. Vile vilinifaa sana.

Mama yako


15 Aprili

Mama,

Shikamoo. USIMEZE KITU.

Nilikwenda kwa nesi kuomba vingine. Akaniuliza vya nini, nikamweleza yote. Akaketi kwenye ndoo iliyokuwa hapo. Akasema vile vidonge viliwanyamazisha wadudu, havikuwaua, ndiyo maana maabara haikuona kitu. Walikuwa wamejificha kwenye chuma wakingoja viishe.

Mimi ni mfunga nondo, Mama. Kutu ikiingia kwenye nguzo, anayepaka rangi juu tunamfukuza kazi. Hilo nalijua miaka tisa. Na ndicho nilichokufanyia.

Mwambie daktari leo. Mwambie ni mimi. Nimemwomba mnyapara apige simu hospitali, akasema simu ya ofisi ni ya kazi. Lori linaondoka Jumamosi. Siku tatu hii barua itakaa hapa nikiitazama.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Upo salama? Mimi bado nahesabiwa na walio hai.

Barua yako ilinikuta nimeshapasuliwa. Hawakuweza kungoja, sumu ilikuwa imeingia kwenye damu. Wametoa chuma chote, wamekwangua. Vipande walivyotoa humo ndani ndivyo vilivyoota maabara, sasa mdudu anajulikana na dripu inakwenda. Ila mfupa unaoshika nyonga umeliwa.

Nilimwambia daktari kuhusu vidonge. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Mama, ungeniambia Februari." Kisha akaokota kalamu, akaandika. Heri angenifokea.

Kuna njia mbili. Anipasue tena, aunge mfupa na kuweka nyonga mpya. Saa nyingi mezani, na moyo wangu hauaminiki, huenda nisiamke. Au aniache hivi hivi bila kiungo, mguu uwe mfupi, nitembee kwa magongo mawili, ya kusimama jikoni nisahau. Anataka jibu tarehe ishirini. Dada yako analia tu, hanisaidii kitu.

Wewe niambie. Usijilaumu, niambie tu. Utakalosema ndilo nitakalofanya.

Mama yako


19 Mei

Mama,

Shikamoo, na pole.

Lori limeleta barua yako leo mchana. Jibu linatakiwa kesho. Lori linarudi Jumamosi, na njia unaijua. Kwa hiyo hata niandike nini, utakuwa umeshajibu mwenyewe.

Hata hivyo nimeandika. Barua ya kwanza ilisema kubali. Nikaona nimekutuma mezani ukafie huko. Ya pili ilisema kataa. Nikaona nimekukalisha kitini maisha yako yote. Nimezichana. Nilimwendea nesi, akasema hawezi kumsemea mtu ambaye hajamwona. Nikatamani ningekuwa na akili hiyo Februari.

Unasema utafanya nitakalosema. Mama, usinipe tena hiyo kazi.

Sijui namwandikia nani sasa, aliyekubali au aliyekataa. Ningekuwa hapo ningekaa kwenye kitanda chako cha dirishani, nikushike mguu dada apumzike, ninyamaze. Kwa barua mtu hawezi kunyamaza. Akinyamaza, itaonekana hakuandika.

Mwanao