Tulipu za Mwaka wa Saba

Sary-Jon, bonde la Talas
12 Oktoba 2002

Mdogo wangu Ishenbek,

Salamu nyingi kwako, kwa Perizat na kwa mtoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba baridi ya huko Yekaterinburg haijaanza kuwauma. Mimi ni mzima. Jino moja linanisumbua na ng'ombe amepunguza maziwa, lakini hayo si ya kuandikia barua.

Tangu nimwache mume wangu mwezi wa nne na kurudi hapa nyumbani kwa marehemu baba, sijakaa bure. Unalikumbuka konde la majani nyuma ya nyumba, alilokuwa baba akilifyeka kwa ajili ya farasi. Kondoo wa kijiji kizima wamelila miaka kumi mpaka likabaki miiba na nyasi ngumu kama waya. Nimelizungushia uzio. Mwezi wa sita nilikwenda juu korongoni nikachuma mbegu za tulipu mwitu, za popi, za vitunguu mwitu, na za yale maua ya pinki ambayo kondoo huyapenda kuliko chumvi. Sikung'oa hata shina moja. Kwenye kila maganda matatu ya mbegu nilichukua moja.

Wiki iliyopita nilikwangua nyasi mpaka udongo ukaonekana. Nikachanganya mbegu na mchanga ili nione nilipopita, nikazitupa kwa mkono, kisha nikaazima farasi akazikanyaga. Hazitaki kufukiwa. Kazi iliyobaki ni ya theluji.

Jirani yetu Jumabek alisimama kwenye uzio akauliza, "Sabira, unapanda karatasi?" Maana mbegu ya tulipu ni nyembamba kiasi kwamba ukipumua juu ya kiganja imekwenda. Nikamwambia, "Ndiyo, nikivuna nitakuandikia barua ya kukusema."

Miaka kumi na tisa nimepima mbegu katika ghala la shamba la ushirika. Najua ninachofanya. Lakini hati ya ardhi ina jina lako, kwa kuwa wewe ndiye mwana wa mwisho, mrithi wa nyumba, kwa hiyo nakuarifu. Kuomba ruhusa kwa mtu niliyembeba mgongoni sijazoea.

Dada yako,
Sabira


Yekaterinburg
20 Desemba 2002

Dada yangu Sabira,

Asalaam aleikum. Sisi tu wazima, tunakushukuru kwa salamu. Perizat amepata kazi ya kushona mapazia. Begimai ana miaka minne sasa na anazungumza bila kupumzika, ulimi wa shangazi yake. Mimi bado niko kwenye mapaa ya nyumba, na siku za barafu tunafungwa kamba kiunoni kama mbuzi wa sadaka.

Nimecheka sana. Watu wote bonde zima wanapanda maharagwe, wewe unapanda maua ambayo mlima unayatoa bure. Perizat anauliza yatachanua lini ili tuje tuyaone.

Panda utakavyo, dada. Baada ya miaka miwili nitarudi, nijenge nyumba hapo hapo kwenye konde. Ukiwa na maua mlangoni, si vibaya.

Mdogo wako,
Ishenbek


Sary-Jon
25 Mei 2003

Mdogo wangu,

Hamjambo nyote? Mgongo wako unaendeleaje na hizo kamba? Mimi nimeng'oa lile jino, sasa nakula nyama kama zamani.

Mwambie Perizat popi zimechanua mwaka huu huu. Konde lote lilikuwa jekundu kwa siku kumi, hata mwendesha lori la maziwa alisimamisha gari barabarani. Watu wakasema, "Sabira, umefaulu." Nikawaambia hizo ni za kuwafurahisha wenye haraka. Tulipu yenyewe mwaka wa kwanza ni jani moja, jembamba kama uzi wa kushonea. Nimelala kifudifudi kwenye matope nikizihesabu, nikaacha nilipofika mia nne. Asiyejua atadhani ni nyasi.

Kila mwaka kitunguu chake kitashuka chini zaidi na kunenepa kidogo. Itachanua majira ya saba, labda ya sita mvua ikiwa njema. Usishtuke. Umri wangu ni arobaini na mbili, nina nafasi ya kungoja.

Agosti nitafyeka kwa mundu mrefu wa baba, baada ya mbegu kudondoka. Kazi ni kuondoa majani yote yaliyofyekwa, maana udongo ukinona sana nyasi zinameza kila kitu. Ng'ombe atakula vizuri.

Jumabek ameniuliza kama konde linakodishwa. Nimemjibu kwamba konde lina wapangaji mia nne.

Dada yako,
Sabira


Yekaterinburg
18 Septemba 2005

Dada yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Nisamehe kwa kimya cha mwaka na zaidi. Hatujambo. Perizat anakusalimu. Begimai ameanza darasa la kwanza mwezi huu. Alivaa utepe mweupe kichwani mkubwa kuliko kichwa chenyewe, nami nilijikaza nisilie mbele ya walimu.

Dada, nina jambo na nakuomba ulisome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Jumabek alinipigia simu. Anataka konde alime maharagwe, nami nimekubali kwa miaka mitano. Nimesaini karatasi na kuituma. Ataleta trekta kabla ya theluji. Nyumba ni yako kukaa, hakuna atakayekugusa. Lakini konde limekaa bure miaka yote hii, na jirani zetu wote wanaendelea. Maua yapo mlimani, ukiyahitaji ni mwendo wa saa mbili.

Natumaini utanielewa.

Mdogo wako,
Ishenbek


Sary-Jon
6 Novemba 2005

Ishenbek,

Salamu kwa Perizat na kwa mtoto. Mimi ni mzima.

Barua yako ilifika Jumanne. Trekta ilifika Jumatano. Nilikuwa nakamua ng'ombe niliposikia uzio ukivunjika. Nilipotoka, Jumabek alikuwa ameshapiga mifereji mitano, na alipogeuza nikasimama mbele yake na ndoo ya maziwa mkononi.

Akasema, "Sabira, nina karatasi."

"Nami nina macho. Shuka uone unachokilima."

Hakushuka. Alizunguka pembeni yangu akaendelea. Basi nikamwaga maziwa ndoo ibaki tupu, nikaingia ndani ya mfereji nyuma ya jembe, nikaanza kuokota. Vitunguu vya tulipu vilikuwa vimetupwa juu, vya ukubwa wa punje ya njegere, vimefunikwa ngozi ya kahawia. Miaka mitatu vimeshuka ardhini, na dakika moja vimelala juani. Niliokota nikiwa nimepiga magoti. Sikulia, sikuwa na nafasi.

Kisha nikamwona mtu anaokota upande wa pili wa mfereji. Alikuwa Zuura, mke wa Jumabek, na karai lake la unga. Walikuja wanawake wengine wawili. Jumabek akazima injini, akamwita mkewe arudi nyumbani.

Zuura akamjibu bila kuinua kichwa, "Nikirudi nitafanya nini? Leo uombe chakula kwenye hiyo trekta."

Wenzake wakacheka. Jumabek alikaa kwenye kiti chake cha chuma muda mrefu, anatutazama. Mwisho akarudisha trekta kinyumenyume kupitia pale pale alipovunja uzio. Alikuwa amefika mfereji wa kumi na moja. Jioni alileta nguzo mbili mpya, akaziegemeza ukutani kwangu, akaondoka. Zuura amenitumia kisahani cha maandazi yetu ya boorsok, ya moto, mkaango mzuri kuliko wangu. Karatasi yenu ameichana.

Tumerudisha vitunguu ardhini vyote tulivyoviona. Konde litapona, hilo sina wasiwasi nalo.

Wasiwasi wangu ni wewe. Mtu anayekusudia kurudi kujenga nyumba hakodishi kiwanja chake miaka mitano, wala hampeleki mtoto darasa la kwanza huko na kujikaza asilie kwa furaha. Hurudi, Ishen. Umejua muda mrefu, na umeniacha niseme kwa watu kila sikukuu, "Mdogo wangu anakuja mwakani." Ungeniambia nisingekufa. Niliachana na mume baada ya miaka kumi na minane na sikufa.

Usiniandikie tena mpaka uwe tayari kuliandika hilo, sentensi moja tu. Mengine yote yatasubiri.

Dada yako,
Sabira


Yekaterinburg
2 Machi 2008

Dada yangu Sabira,

Asalaam aleikum. Sijui niulize vipi hali yako baada ya miaka zaidi ya miwili. Natumaini u mzima. Sisi tu wazima.

Sitarudi kuishi Sary-Jon.

Nimeandika. Kalamu imetoboa karatasi, utaona. Nimeianza barua hii mara nyingi, na kila mara nilikuwa nikizunguka: habari za kazi, habari za theluji, halafu naichana. Jana Perizat alinikuta mezani akasema, "Dada yako amekuomba sentensi moja na wewe unamwandikia kitabu. Andika sentensi." Akakaa kunitazama mpaka nikaandika.

Tumepata uraia wa hapa mwaka juzi. Begimai anaota kwa Kirusi, namsikia akisema usingizini. Nilimshika baba mkono alipokuwa anakufa nikamwambia nyumba haitakosa moshi. Nilijua watu watasema mwana wa mwisho ameitupa nyumba ya baba yake. Kwa hiyo nikawa nasema mwakani, mwakani. Nilipomkodishia Jumabek lile konde, nadhani nilitaka lipotee, ili pasiwe na kitu kinachoningoja. Sikufikiri kwamba kuna mtu analala matopeni kuhesabu majani humo. Hapana, hapo nasema uongo. Nilifikiri na nikasaini.

Ndani ya bahasha hii kuna hati ya nyumba na ya konde, na karatasi ya mthibitishaji ya kuhamisha vyote kwako. Ataileta dereva wa lori anayepita mjini Taraz, nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote.

Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako,
Ishen


Sary-Jon
14 Juni 2008

Ishen mdogo wangu,

Salamu nyingi kwenu nyote. Mgongo wako vipi? Mimi nimeanza kuvaa miwani, nayo inanifanya nionekane kama mkaguzi wa shule.

Sentensi imefika salama. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaweka maji ya chai jikoni, nikairudia nikiwa nimekaa. Kisha nikatembea nyumba hadi nyumba kwa wale wote niliokuwa nikiwaambia unakuja, nikawaambia huji. Bibi mmoja alianza kusikitika. Nikamwambia, "Mama, anaishi na mkewe na mwanawe na ana kazi. Tusikitike nini?" Nyumba ina moshi. Mimi pia ni mtoto wa baba.

Ofisini karani aliuliza kama sina ndugu wa kiume wa kuandikwa juu ya hati. Nikamjibu, "Ninaye, ndiye aliyenipa." Akapiga muhuri.

Mwaka huu baadhi ya tulipu zimetoa majani mawili badala ya moja, yenye michirizi ya zambarau. Tulipu haitoi jani la pili bure. Aprili ijayo kaeni karibu na posta. Barua itachelewa, ua halikai wiki mbili, kwa hiyo nitatuma telegramu. Msipokuja sitanuna, lakini njooni.

Dada yako,
Sabira


TELEGRAMU
Talas, 19 Aprili 2009

ZIMEFUNGUKA MIA MOJA NA SITA. NJOONI. DADA.


Yekaterinburg
17 Mei 2009

Dada yangu mpendwa,

Asalaam aleikum kutoka kwetu sote. Tulifika salama siku ya nne. Nyama uliyotufungia iliisha kabla ya mpaka, na kosa ni la Perizat, si langu. Jino la Begimai lililokuwa linalegea lilitoka ndani ya treni.

Mbele yako sikuweza kuyasema haya. Njia nzima ya kuja nilipanga maneno ya kukuomba radhi. Nilipofika langoni nikasikia sauti yako nyuma ya nyumba, nikaja, nikaona wekundu ule wote hadi kwenye uzio, kila ua kubwa kama bakuli la chai, na wewe umechuchumaa katikati umetupa mgongo. Hukugeuka. Ulisema tu, "Piteni kushoto, kulia kuna majani machanga." Nikapita kushoto.

Begimai anawasimulia wenzake darasani kwamba shangazi yake ana mlima nyuma ya nyumba. Mimi nakumbuka zaidi ule mkanda uliopinda katikati, penye mifereji kumi na moja. Hapo tulipu ni chache na fupi. Jumabek alinikuta nimesimama hapo. Akasema, "Hapa ni mimi na wewe." Nikasema, "Ndiyo." Tukasimama hapo wote wawili mpaka Zuura akatuita kula.

Tulipoingia ndani nilikwenda kukaa upande wa mlango, pale alipokaa baba siku zote, mahali pa mwenye nyumba anayepokea watu. Ukanishika mkono mbele ya majirani wote, ukanipeleka hadi juu, mkabala wa mlango, kwenye godoro jipya. Ukaniwekea kichwa cha kondoo mbele yangu, kama apewavyo mgeni wa heshima. Ukawaambia, "Huyu ni Ishenbek, mdogo wangu. Ni mgeni wangu kutoka Yekaterinburg." Halafu wewe ukaenda kukaa upande wa mlango.

Neno lile lilinichoma, dada, siwezi kukuficha. Nilizaliwa ndani ya nyumba ile. Nilikata nyama nikaigawa. Lakini wazee walianza kuniuliza habari za mapaa, za shule, za mshahara wa huko, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba nilijibu kila swali kwa ukweli. Hakuna aliyeniuliza narudi lini. Nilikula mpaka nikashiba, na usiku nililala bila kuota.

Mgeni wako,
mdogo wako Ishen