Nilikuwa Nimefuata Ukurasa

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla ya kufungua barua. Huku Pasiansi tupo. Mbuzi amezaa, magoti yangu yamegoma. Mimi nasema, shangazi yako anaandika.

Umeuliza kama nimekusahau, kwa sababu Jumapili nilinyamaza kwenye simu, ukakata. Sikiliza, mjinga wangu mpendwa.

Katika usichana wangu nilifagia chumba cha kompyuta kiwandani Nyakato. Dude lilikuwa kubwa kama makabati sita, lakini fundi alisema kumbukumbu yake ni ndogo, kazi nzima haiingii. Kwa hiyo kazi iligawanywa vipande, wao wakiviita kurasa, na nyingi zikawekwa kwenye sahani za kuhifadhia zilizozunguka pembeni. Kifaa kimoja ndani kilijua kila ukurasa uko wapi. Ukurasa unaotakiwa ukikosekana ndani, kazi ilisimama, mwingine ukatolewa kupisha nafasi, huo ukaletwa.

Siku moja taa za lile dude zilitulia. Nikapiga kelele, "Limekufa!" nikakimbilia swichi ukutani. Fundi akanidaka mkono.

"We dada, utaua kazi ya tangu asubuhi! Halijafa, limefuata kurasa zake."

Tukasubiri. Taa zikaanza kucheza tena, na kazi ikaendelea pale pale ilipoishia.

Nimechoka, Kulwa. Kichwa changu sasa ni kidogo, mengi nimeyaweka mbali, na kuyafuata kunanichukua muda. Jumapili nililipata jina lako. Nikalitamka kwa furaha, shangazi yako shahidi, lakini ulikuwa umeshakata.

Safari nyingine ngoja.

Bibi yako