Njiti ya Mzee Njoroge

Jumatano. Ukungu wa Elburgon umekaa hadi saa nne, na mimi nimeamka na hasira ya jana.

Jana alfajiri nilifungua macho, la kushoto likanichoma kana kwamba kope imebandua ngozi. Machozi tele, mwanga wa dirisha hauvumiliki. Mara ya tatu mwezi huu. Mimi ni karani wa mbao. Nisiposoma futi, sina kazi.

Chanzo nakijua. Kinaitwa Mzee Njoroge, mwendesha msumeno wa kiwanda chetu na daktari wa macho wa kujiteua. Unga wa mbao ukikuingia jichoni, wewe unakaa juu ya gogo, yeye anapindua kope kwa njiti ya kiberiti, kisha anachokoa kwa ncha ya karatasi iliyokunjwa. Ncha anailamba kwanza, ati iwe laini. Miezi minne iliyopita nilikaa juu ya gogo hilo, mimi niliyesoma.

Uchafu ulitoka. Baada ya siku mbili nikapona, nikamsifu.

Maumivu ya asubuhi yalipoanza, alinieleza huku anatafuna chapati: "Mama Shiro, hiyo ni baridi tu ya msitu wa Mau. Osha na chai ya rangi."

Nikaosha. Jicho. Kwa chai!

Jana basi nikashuka Nakuru. Daktari alitia tone la rangi, akamulika kwa taa ya buluu, akauliza jicho lilichokolewa na nini. Nikamwambia. Kumbe konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ilikwaruzwa, na ngozi mpya iliyoota juu yake haijashika vizuri. Nikilala jicho linakauka, linagandana na kope, na nikiamka ngozi inang'oka upya. Nitie matone ya kulainisha mchana na mafuta mazito ya macho kila ninapolala, kwa miezi, hata lisipouma. Nisilisugue. Ikishindikana, kuna lenzi laini ya kulifunika kama bandeji, au kukwangua ngozi iliyolegea, au leza. Nikiona usaha, au jicho likianza kuona ukungu, nirudi siku hiyo hiyo.

Leo saa tano Wafula, mpakiaji wetu, alikuwa juu ya gogo, shingo nyuma. Mzee ana njiti mkononi.

"Mama Shiro, leta tochi ya simu bana, hatuoni!"

Nilileta jagi la maji safi. Nikammiminia Wafula polepole, akapepesa, unga ukatoka wenyewe. Nikamwambia mzee mbele ya watu wote kwamba yeye si daktari, ni mkwaruzaji tu. Nikarudi ofisini nikijiona shujaa.

Ndipo nikajiuliza kwa nini mzee aliniita mimi.

Kwa sababu mshika tochi ni mimi. Miaka sita sasa, kila aliyekaa juu ya gogo lile, nimemmulikia mimi.

Mary, mpishi wetu, alikaa pale mwaka jana. Siku hizi kuna asubuhi anakuja jicho jekundu, linatiririka, nasi tunamtania kwamba mume amemliza. Mimi ndiye ninayecheka zaidi.

Kesho nampeleka Nakuru. Sijui nitaanzaje kumwambia.