Kifungo cha Juu

Kwako mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji na bibi harusi wetu mtarajiwa. Hali zenu? Magoti yako yanasemaje na zile ngazi za shule? Shemeji ameacha kugombana na redio, au bado anaijibu taarifa ya habari kana kwamba inamsikia? Hapa ndipo desturi inaponitaka niandike kwamba nami ni mzima wa afya. Mstari huo nauruka kwanza, nitaurudia nikifika.

Gauni lako la kuvaa kwenye harusi ya mwanao limo ndani ya kifurushi hiki, chini ya barua. Usilijaribu kabla hujamaliza kusoma. Nakujua, wewe ni mtu wa kufungua zawadi kwa meno, lakini safari hii nitii kwa kuwa mimi ni mkubwa wako. Nimelishona kwa mkono wangu tangu kukata hadi pindo, sikumwachia mtu hata kifungo kimoja. Kiuno chako hakijaongezeka hata nusu inchi tangu gauni la mahafali ya mwanao, na kwa kuwa mimi na kiuno changu tuliagana zamani, sitaki kukuficha kwamba nilikuonea wivu.

Vipimo alivyonitumia mwanao kwa simu nilivipata, pamoja na lile ombi lako kwamba kola niipanue kidogo, siku hizi hupendi kitu kinachokubana shingoni. Nilikupigia siku ile ile. Ukauliza mbona sauti yangu inakwaruza, nikakujibu ni mafua. Baada ya wiki nikapiga tena, ukauliza tena, nikasema mafua ya safari hii ni sugu. Ndiyo sababu leo naandika. Mdomo wangu ukikusikia unadanganya kabla sijauruhusu. Mkono una haya kidogo.

Mambo yalianza hivi. Unajua kwamba pale kazini kila mwaka tunajishonea mashati ya kitambaa kimoja, na kwa kuwa kinyozi hajinyoi, tunapimana. Mimi hupimwa na fundi wa suruali, yule mrefu wa meza ya dirishani, ambaye hajawahi kumpima mtu bila kumtania. Mwaka jana alisema nyonga zangu zinataka kitambaa cha mapazia. Safari hii alizungusha futi shingoni mwangu, akasoma, akalegeza, akazungusha tena, akasoma tena. Mtu aliyeshona miaka yote ile hapimi shingo mara mbili. Nikangoja utani, haukuja. Akaniomba nigeukie kioo nimeze mate, nikameza, na sote wawili tukakiona kitu chini ya koo upande wa kulia, kikipanda na kushuka kama gololi chini ya shuka. Aliandika namba yangu, akaniambia kwa upole kwamba kazi zangu za kesho atazifanya yeye, niende hospitali. Upole wake ndio ulionitia hofu.

Hospitali walianza na picha. Mama mmoja mchangamfu alinilaza, akanipaka mafuta ya baridi shingoni na kupitisha chombo chake, huku akinisimulia visa vya mpangaji wake mlevi aliyeingia nyumba ya jirani akidhani ni kwake. Alipofika upande wa kulia hadithi ilikatika katikati. Niliona kwenye kioo cha mashine anavyoweka alama pembeni mwa kile kidude, akapima upana, urefu na kimo, akaandika. Nilimtazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake, na nikajua kwamba hakupenda alichopima. Mpaka leo sijui yule mlevi aliishia wapi.

Kisha ikaja sindano ya kuchukua nyama kidogo ya kupimwa. Daktari wa tezi ya shingo ni mtu mfupi, mwenye vidole baridi na maneno machache. Alinionya nisimeze mate sindano ikiwa ndani. Hebu jaribu wewe, mtu akikukataza kumeza, uone mdomo unavyojaa ghafla. Alichoma mara tatu. Mimi ninayejichoma vidole kila siku ya Mungu nilidhani sindano haina jipya la kuniambia, kumbe ya shingoni ina lugha yake.

Majibu yalichukua wiki mbili. Katika wiki hizo sikuwa na maana. Mteja akinieleza mikono anaitaka hivi na hivi, mimi namtazama shingo. Nilishona zipu ya sketi ya mwanamke mmoja mbele badala ya nyuma, naye akanishukuru kwa mtindo mpya. Nilikuwa nameza mate mbele ya kila kioo, hata kioo cha pikipiki iliyoegeshwa.

Nilipoitwa, daktari alinieleza kwamba wengi wenye uvimbe kama huo huambiwa waende nyumbani wakaishi. Wangu, alisema, umekataa kusema. Chembe walizozitazama haziko upande wa wazuri, haziko upande wa wabaya. Akaniwekea njia tatu: tungoje miezi sita turudie picha na sindano, tukate upande mmoja wa tezi tuupime wote, au tuitoe tezi nzima, nami nimeze kidonge kila asubuhi maisha yangu yote. Kabla ya kunishauri akauliza kama katika ukoo wetu kuna aliyewahi kuugua shingo. Muuguzi alikuwa ameniuliza hivyo hivyo siku ya kwanza, akijaza fomu. Nikajibu hakuna. Daktari akasema basi, kama ukoo ni safi, tunaweza kungoja bila ya kujilaumu, ila sauti ikibadilika nisikae nyumbani hata siku moja.

Nikachagua kungoja. Nilitoka pale mwepesi, nikajinunulia viatu nisivyovihitaji. Fundi wa suruali alirudia utani wake, akasema shingo yangu sasa imekuwa mteja kamili, ina tarehe yake ya kuja kujaribu. Kwa wiki tatu nilikuwa mtu wa furaha. Sauti ilipoanza kukwaruza nilijiambia ni vumbi la vitambaa. Halafu vipimo vyako vikaja.

Sasa keti, mdogo wangu. Kama uko shuleni, kunja barua hii usubiri mpaka ufike nyumbani.

Nilimdanganya daktari. Ukoo wetu si safi. Mama hakufa kwa kifua.

Wewe ulikuwa na mimba ya huyu huyu anayeolewa. Mama alikuja pale kwangu kazini na blauzi mkononi, akaniomba nimpanulie kidogo shingoni, siku hizo hakupenda kitu kinachombana. Nilipomzungushia futi nikakiona. Nilimwambia twende hospitali, akanishika mkono wenye mkasi akaniapisha. Jirani yetu mmoja alikuwa amepasuliwa shingo akarudi bila sauti, na mama alisema bora kufa akiongea. Nikimwambia mtu, hasa wewe, maana mjamzito hatiwi hofu, asingenipa radhi ya maziwa yake. Nilikuwa mtu mzima, nina meza yangu na wateja wangu, lakini mbele ya neno hilo nilikuwa mtoto. Nikanyamaza, nikashona.

Nilimshonea kola ndefu, iliyosimama, yenye kitambaa kigumu ndani na kifungo cha juu kabisa chini ya kidevu. Ilimpendeza, na hilo ndilo linaloniuma. Wanawake walimsimamisha njiani kumuuliza fundi wake ni nani, wakaja kwangu mmoja mmoja wakitaka kola kama ya yule mama. Jina hili la Kola unalonitania nalo, meza yangu, wateja wanaonisubiri mpaka leo, vyote vilianzia shingoni kwa mama, juu ya ule uvimbe. Kila baada ya miezi michache alirudi, nami nikafungua mshono, nikaongeza kipande, nikafunga. Mama yule yule aliyekuwa akituimbia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, alikuwa akijigeuzageuza mbele ya kioo changu akitabasamu.

Mwishoni alikuwa akinong'ona. Ulipopiga simu kwa jirani ukauliza mbona sauti ya mama imekwenda, mimi ndiye niliyekuambia ni mafua. Ulitaka kuja, nikakwambia mtoto bado mdogo, usihangaike. Hospitali walimpokea akiwa hapumui vizuri, wakaandika kifua, nami nikasimama kando ya kitanda nikawaacha waandike. Ukafika siku moja baada ya mazishi. Ulilia kwangu ukisema ungejua ungekuja mapema, na mimi niliyejua nilikupangusa machozi. Huna haja ya kuniamini kwa maneno. Ile blauzi ya bluu uliyoichukua iwe ukumbusho, fungua mshono wa kola kwa ndani. Utakuta vipande vitatu, kila kimoja cha bluu tofauti, maana kitambaa chenyewe kiliniishia.

Vipimo vyako vilipofika nilifungua daftari la zamani ili nilinganishe, unajua situpi daftari. Kifua ni kile kile. Kiuno kile kile, nyonga zile zile. Shingo ilikuwa inchi kumi na tatu, sasa ni kumi na nne na nusu. Nilimwomba mwanao akupime upya, akasema amepima mara mbili. Mdogo wangu, mtu akinenepa hanenepi shingo peke yake. Halafu nikarudia kusoma ombi lako la kola, na nikaisikia sauti ya mama, neno kwa neno. Nilifungua ukurasa wake: kumi na tatu, kumi na nne na nusu, kumi na tano na nusu. Baada ya hapo niliacha kuandika namba.

Asubuhi yake nilibeba daftari mpaka kwa daktari. Nilimwonyesha ukurasa wa mama, nikamwambia kwamba nilimdanganya. Hakunigombeza, ingawa nilitamani. Alisoma zile namba taratibu, akauliza mama alikuwa na sauti gani mwishoni, akauliza kama nina ndugu wa damu. Nikamjibu ninaye mmoja. Akasema kuna aina ya ugonjwa huu inayotembea na damu, kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto na kwa mtoto wa mtoto, na ile sindano peke yake inaweza isiutambue. Akanitoa damu kwa kipimo kingine. Majibu yalirudi juzi, na namba yake iko juu sana: ugonjwa wenyewe ninao.

Hakuna tena kungoja. Aliniambia angependa kuitoa tezi nzima pamoja na vitezi vidogo vilivyo jirani nayo, ila shingo ni yangu na jibu ni langu. Nikamuuliza kuhusu sauti. Alisema mshipa wa sauti unapita pale pale nyuma ya tezi, atauchunga kwa kila alichonacho, lakini hawezi kuniapia. Nilimfikiria mama na yule jirani. Nikaona kwamba mama naye alikufa bila sauti, tena bila hata kupasuliwa. Nikatia saini. Ni Alhamisi ijayo asubuhi, na fundi wa suruali ndiye atakayenisindikiza, amesema lazima awepo kwa kuwa hamwamini fundi mwingine na mshono wangu. Kwa hiyo ule mstari nilioruka nauandika sasa: mimi si mzima, na naogopa sana.

Lakini sikukuandikia ili unilie. Ulikuwa na haki ya kujua habari za mama, nami nikakunyima. Unikasirikie kadiri utakavyo, hata usinijibu, lakini kwanza fanya jambo moja. Simama mbele ya kioo chako, vaa gauni, funga vifungo vyote mpaka cha juu. Sikukata kola kwa kipimo alichonitumia mwanao. Nimeikata kwa inchi kumi na tatu, shingo yako ya zamani. Kifungo cha juu kikifunga bila shida, nicheke, sema dada amezeeka na mwanao hajui kusoma futi, nami nitacheka pamoja nawe kwa sauti yoyote nitakayokuwa nayo.

Kisipofunga, usimpelekee fundi yeyote akupanulie, na wewe usishike mkasi. Harusi ni mwezi ujao, hospitali ni kesho. Mpe daktari wako barua hii aisome kama ilivyo, na ukienda usiende peke yako, nenda na bibi harusi, maana naye ni wa damu ile ile na shingo yake sijaipima.

Nisalimie shemeji, mwambie anishikie redio chini siku ya Alhamisi. Mbusu mwanao kwa niaba yangu. Mungu akinijalia nitakuja harusini, na nikija sitavaa kola, watu waone kovu.

Ni mimi dada yako mkubwa, niliyepanua kola ya mama mara tatu, na ambaye yako nimekataa kuipanua.