Kinda wa Tatu

Mume wangu, Baba Zuhura,

Huko uliko najua hakuna haraka, basi nisikilize mpaka mwisho, maana ulikuwaga na tabia ya kunikatiza. Leo nina jambo la kukiri. Ni habari ya yule kinda wa tatu.

Unakumbuka Kunduchi, mwaka ule wa foleni na unga wa njano tuliouita yanga, Zuhura bado ananyonya. Nyuma ya nyumba yetu yangeyange, wale ndege weupe, walijaa kwenye mikoko, wakazaa, wakanuka, majirani wakalalamika, na wewe ukafurahi kama mtu aliyepandishwa cheo. Siku za kazi unakwenda kiwandani Chang'ombe, na kamera huiachi, unaitia kwenye mfuko wa chakula. Jumapili unajifungia kwenye kibanda chako cha makuti kando ya mikoko, umekalia debe. Mkanda mmoja wa picha ulikupitisha miezi mitatu, kwa hiyo ulitazama sana na kupiga kidogo.

Watu walidhani unapiga picha za ndege warembo. Mie ndiye niliyejua. Ulimpiga kunguru akila yai mbele ya mwenye yai. Ulimpiga kinda aliyenasa shingo kwenye tawi, nzi wamemjaa machoni. Na kwenye kiota cha chini kabisa, ambacho hata mie nilikifikia kwa mkono, makinda walikuwa watatu: wawili wakubwa, na yule wa mwisho kutotolewa, hazidi ngumi ya mtoto. Mkubwa alimdonoa kichwani mpaka damu. Mama yao kasimama pembeni anatengeneza manyoya yake. Chakula kikija, mdogo hapati hata harufu.

Nilikuambia umtoe. Ukanijibu polepole, jicho limo kwenye kamera: "Mama Zuhura, kazi yetu kutazama. Ukitia mkono, umeharibu."

Nilikasirika, nakwambia kweli. Watu husema kitinda mimba hudekezwa. Kwetu mie nilikuwa wa saba, na nikifika kwenye sinia nakuta ukoko na maneno. Yule mama anayetengeneza manyoya nilikuwa namjua.

Jumatano ukaenda kazini. Nikamfunga Zuhura mgongoni, nikaingia kwenye tope mpaka magotini, nikamtoa yule kinda, nikamficha kwenye kikapu jikoni.

Jioni ulikuja ukasema kiwanda kimekosa malighafi, mmerudishwa mapema. Mapema saa ngapi sikuuliza, nahangaika kikapu kisisikike. Kikasikika. Ukauliza nini kinalia huko jikoni.

"Kifaranga," nikasema.

"Haya," ukasema.

Kesho yake ulirudi na fungu la dagaa wabichi kutoka pwani, wadogo mno, hatujawahi kula wadogo vile. Ukaliweka karibu na jiko, ukaenda kuoga. Mie nikamshukuru Mungu kwa bahati, nikamlisha kinda mmojammoja. Alikula siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta kalala ubavu, wa baridi. Nikamzika nyuma ya banda la kuku, nikalia kama mjinga, kisha nikakuandalia chai.

Jumapili ulitoka kibandani ukaandika kwenye daftari lako. Viota vingine uliandika kila jambo, nani kamdonoa nani, nani kaangushwa. Kwa kiota kile uliandika tu, "Wa tatu hayupo." Wageni wakija kutazama picha, wakiuliza mdogo alikwenda wapi, unasema mambo ya porini hayo, unakunywa chai. Nami najitia kuosha vikombe. Miaka yote ile nilijiona mwizi. Nilikuharibia kazi uliyoipenda kuliko zote, nikakufanya uwadanganye watu bila kujua. Hata ulipolazwa nilitaka kukuambia, nikakuona umedhoofu, nikasema kesho. Kesho hukuifikia.

Mwezi uliopita Zuhura alizitoa negativu zako kwenye kile kibati cha biskuti, akazipeleka mjini kusafishwa. Akarudi anacheka, akaninyooshea moja. "Mama, huyu si wewe?"

Ni mimi. Nimepigwa kwa nyuma, kanga imelowa tope, kichwa cha Zuhura kimeangukia begani kwangu, mkono wangu umo ndani ya kiota. Imepigwa kutoka kibandani. Kumbe mlirudishwa asubuhi ileile, ukapitiliza kwenye debe lako. Mkanda wa miezi mitatu, na picha moja ukaitumia kwangu.

Kwanza niliona haya. Kisha nikacheka peke yangu. Kisha nikakasirika, maana ulininyamazia mpaka kaburini huku mie nimebeba mzigo. Nikasema, huyu bwana alinitazama kama alivyowatazama ndege wake, hakutia mkono.

Halafu juzi nilikuwa napita pwani, mama mmoja muuza samaki akanionyesha fungu la dagaa wadogo sana. "Chukua, bibi, laini hawa, mtoto hakwamwi na mwiba." Nikasimama pale nimeshika pochi mpaka akaniuliza kama naumwa.

Baba Zuhura, miaka yote tuliyokaa Kunduchi, samaki nilinunua mie. Wewe soko lile la pwani hukulikanyaga kwa harufu yake. Ulilikanyaga siku ile moja, kinda akiwa kikapuni.

Basi pumzika, mume wangu. Lile kosa si langu peke yangu.

Mkeo,
Mama Zuhura