Alama ya Mizinga Yetu kwenye Fimbo ya Gofu

Baba yangu,

Nimeketi kwenye kiti chako, nakuandikia kwa mwandiko ambao mwalimu huusifu. Wewe umefungiwa kituo cha polisi Voi, mimi niko hapa nyumbani kando ya shamba la katani. Kesho asubuhi nitaitwa mbele ya Bwana DO, yule afisa wa wilaya, niseme nilichokiona ulipoitengeneza ile fimbo ya gofu. Unanijua. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, huinamisha kichwa mpaka mwingine ajibu. Kwenye karatasi angalau sipati kigugumizi.

Nakumbuka siku alipokuja yule Mzungu mhasibu, uliyekuwa ukimbebea mfuko wa fimbo kila Jumapili. Alikuwa anarudi kwao kabisa. Alishuka garini na ile fimbo fupi, ya kusukumia mpira uingie shimoni, akakupa kwa mikono miwili. Aliongea Kiingereza upesi upesi, ukanigeukia mimi niliyekuwa mlangoni.

"Anasemaje, Wakesho?"

"Anasema ni yako sasa, Baba. Uifanye upendavyo."

"Mwambie nitaivalisha nguo za Kisagalla."

Nilishindwa kuyatafsiri hayo, nikasema tu asante. Mlicheka wote wawili, kila mtu kwa sababu yake.

Jumamosi iliyofuata uliniita nikiwa nasoma.

"Weka kitabu, njoo uone."

"Nina mtihani, Baba."

"Mtihani hauozi. Kaa hapa."

Ukaniambia jambo ambalo Babu alikufundisha mlimani Sagalla. Mzinga wa nyuki ukipewa mtu mwingine, alama ya zamani hukwanguliwa na mpya hukatwa palepale, na mtu wa nyumbani lazima akae aone zote mbili, ile inayotoka na ile inayoingia. Bila shahidi, mzinga bado ni wa yule wa kwanza hata ukiutundika kwenye mti wako. Nilijivunia kuchaguliwa. Sikujua kwamba shahidi anaweza kuitwa siku moja.

Nyuma ya kile kichwa cha chuma kulikuwa na herufi za jina la mhasibu, zimegongwa na kujazwa rangi nyeupe. Uliilainisha rangi kwa mafuta ya taa, ukaichokoa kwa mwiba. Kisha ukashika tupa. Ulikwangua polepole, ukipuliza vumbi la chuma, mpaka herufi zikafifia na kupotea, ukamalizia kwa msasa. Ukakilaza kichwa juu ya kipande cha reli, ukaweka ncha ya patasi uliyoinoa mwenyewe, ukagonga. Mistari miwili na nukta katikati, alama ya mizinga yetu. Ulishusha pumzi baada ya kila pigo, maana chuma kikishakatwa hakirudi.

Ukajaza mifereji hiyo rangi nyekundu ya kupakia baiskeli kwa shina la nyoya la kuku. Iliyozidi uliifuta kwa kitambaa ulichokikaza juu ya kijiti bapa. Ulinionyesha kwamba kidole kitupu kingezama mferejini na kuitoa rangi yote. Mama alipita na ndoo akasimama.

"Mwanamume mzima anaipamba fimbo kama bibi harusi!"

"Wivu huo," ukamjibu, bila kuinua macho.

Sijawahi kukuona umetulia vile.

Baba Mdogo Mwakio ndiye aliyetuletea habari za Jumapili, kwa kuwa alikuwa pale uwanja wa gofu. Anasema msaidizi mpya wa meneja wa shamba aliichukua fimbo mkononi mwako, akaigeuzageuza, akapapasa palipokwanguliwa. Akauliza jina la mwenyewe liko wapi. Na wewe, Baba, ulijibu ukitabasamu: "Nimeliondoa mimi mwenyewe. Sasa ina alama yangu." Kwako hayo yalikuwa maneno ya mtu aliyefuata kila kitu sawasawa. Kwake ulikuwa umekiri wizi mbele ya watu, akaita polisi.

Naogopa. Siku hizi za hali ya hatari mtu huchukuliwa kwa jambo dogo, na likishapelekwa mbele huwa kubwa. Treni zinazopita hapa na watu waliokamatwa nyuma ya madirisha ya waya, nilizoea kuzihesabu kuwa za watu wengine. Tangu Jumapili, kila mluzi wa treni ukilia natoka nje kuyatazama madirisha. Mama hapiki ila kwa ajili yetu watoto, yeye hali.

Jana walibishana juu yangu kana kwamba sipo.

"Aseme alimwona Mzungu akitoa zawadi, basi," Baba Mdogo alisema. "Mambo ya tupa asiyaguse. Akiulizwa, alikuwa shuleni."

"Na mume wangu ameshasema mwenyewe kwamba alikwangua?" Mama akamjibu. "Mtoto akisema hakuwepo, nani atamwamini kwa hilo la zawadi?"

"Shemeji, huyu hata kuitikia salamu ya mgeni hawezi. Watamkoroga pale."

Nilikaa kimya, na kimya changu kikawa kama ninakubaliana naye. Lakini usiache kuniamini. Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Nikiificha tupa, nitakuwa nimekubali kwamba kulikuwa na la kuficha. Nitaeleza yote kwa Kiingereza, bila mkalimani wa kunifupisha: maneno ya mhasibu kama alivyoyatamka, mwiba, tupa, patasi, na kwa nini uliniita niweke kitabu. Nitasema kwamba mwizi hamwiti binti yake aje atazame.

Huenda Bwana DO hatajali mizinga ya Sagalla. Huenda atacheka. Huenda nitakuwa nimekufunga kwa mdomo wangu mwenyewe, na hilo ndilo linalonitoa jasho ninapoandika.

Nikiingia kesho, usinitazame usoni, nitalia. Na ukiniona nimesimama mbele yao nimenyamaza, usidhani nimefuata shauri la Baba Mdogo. Nitakuwa natafuta neno la kwanza. Nisubiri, Baba. Nitalipata.

Ni mimi, binti yako uliyemketisha aone.