Ng'ombe wa Nyumba ya Diwani

Mwanne, wee! Siamini hadi sasa.

Shangazi si ameshinda udiwani? Leo wakwe walikuja kutoka Nkoma kumalizia mahari ya mdogo wangu Ng'washi, na wazee wetu wakampa shangazi kiti kikaoni. Mwanamke, kwenye kikao cha mahari! Nusura nipige kigelegele.

Basi akafungua mdomo: "Ng'ombe waongezwe. Huyu sasa ni binti wa nyumba ya diwani."

Binti wa nyumba ya diwani, Mwanne! Yeye aliyehubiri kampeni nzima kwamba msichana ajichagulie mume!

Wageni wakaangaliana, wakawasha pikipiki, wakaondoka.

Ng'washi alikuwa bado amepiga magoti na jagi la maji ya kunawa, kavaa fulana yenye picha ya shangazi. "Shangazi," akasema taratibu, "mimi si nilishachagua?"